Randa ya kumalizia ya mbambakofi: mdomo ufunguliwe mwisho

Swali

Seremala mmoja wa Langoni, Lamu, ameandika: "Assalam aleikum fundi. Kazi yangu ni makasha na milango, mbao ni mvule na mbambakofi. Randa yangu ya chuma inanyofoa nyuzi kila nikifika kumalizia, na kutu haiishi. Nilichonga randa ya mbao kwa patasi kutoka gogo moja. Mdomo ukatoka na upana wa milimita 4 na kisu kinatetemeka. Sasa nina kipande cha fremu ya mlango mkongwe, mbambakofi isiyo na nakshi, urefu sentimita 30, upana milimita 95, kimo milimita 75. Nina pia kisu cha randa ya Stanley cha inchi 2 pamoja na bamba lake la juu. Nianze vipi safari hii? Na je, nimpe mhunzi springi ya gari anifulie kisu kinene zaidi?"

Jibu

Waaleikum salaam, fundi. Mbao unayo na kisu unacho. Kilichokuponza ni njia. Ukichimba randa kutoka gogo zima, sehemu mbili zinazoamua kila kitu, yaani kilalio cha kisu na ukingo wa mbele wa mdomo (mwanya wa chini ambamo makali hutokeza), zinabaki ndani ya shimo jembamba ambamo guniya haliingii na jicho halifiki. Patasi ikizidi nusu milimita huna pa kurudi. Mafundi wa zamani waliiweza kazi hiyo kwa sababu walikuwa na vifaa vyake maalumu na waliifanya kila siku.

Wewe lipasue gogo vipande vitatu kwa urefu: mashavu mawili na sehemu ya kati. Kilalio na koo la randa (uwazi unaopitisha maranda) viunde sehemu ya kati ikiwa wazi juu ya meza, kisha urudishe vyote mahali pake kwa gundi. Aliyeieneza zaidi njia hii ni James Krenov, seremala aliyefundisha California kuanzia mwaka 1981, na haihitaji mashine yoyote ambayo karakana ya Lamu haina.

Kuhusu mbao. Mbambakofi ni chaguo zuri: ni nzito, inahimili msuguano, na ikishakauka haitembei sana. Kipande cha fremu kongwe kimeshamaliza ukaidi wake. Kipitishe sumaku pande zote kabla ya msumeno, maana msumari uliokatika ndani utaharibu meno na baadaye kisu. Kiache ndani ya karakana, si uani, na ukipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua au kuongezeka, kiko tayari. Funika pua na mdomo unapopasua na kupiga msasa, vumbi lake linawasha. (Na kama ingekuwa na nakshi ningekwambia uirudishe ulikoitoa. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango ni sehemu ya sababu hiyo.)

Wengine watakushauri mvinje kwa sababu ni mgumu na umejaa pwani nzima. Ni mgumu kweli, lakini unapasuka na kujipinda ukikauka. Boriti za mkoko nazo ni nyembamba na zina moyo wa mti katikati, kwa hiyo zitafunguka nyufa. Msaji unafaa, ila una mafuta yanayokataa gundi. Ukiutumia, futa nyuso kwa asetoni na upake gundi papo hapo.

Kabla ya kukata, soma nyuzi ubavuni. Mistari ya nyuzi ishuke kutoka kichwa cha randa (ncha ya mbele) kwenda kisigino (ncha ya nyuma), ili randa ikisukumwa mbele soli yake, yaani uso wa chini, ilalie nyuzi, kama mkono unavyompapasa paka kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukigeuza, soli itachanika vibanzi na kusuguana na kazi. Kwa mbambakofi, ambayo nyuzi zake hupishana, jicho laweza kukudanganya. Chonoa kibanzi kidogo pembeni kwa patasi uone kinapasukia upande gani.

Sasa vipimo. Kisu chako ni milimita 50, kwa hiyo sehemu ya kati iwe 52. Hizo mbili za ziada usizibane. Upepo wa kaskazi ukikausha hewa, mwili wa randa unapungua upana hata robo ya milimita, na chuma hakipungui. Randa iliyobanwa sana kisu huanza kukaidi kugeuzwa kushoto na kulia, kisha mashavu yanapasuka kwenye gundi. Mashavu yawe milimita 11 kila moja. Jumla ni 74; ongeza njia mbili za msumeno za milimita 3 na milimita moja ya kusawazisha kila uso uliokatwa, unafika 84. Kipande chako cha 95 kinatosha kwa raha. Kimo kikimalizika kiwe 65. Urefu wa randa iliyokamilika uwe milimita 240, lakini kwa sasa uache urefu wote wa 300: hizo milimita 30 za kila upande zina kazi yake.

Kabla ya kupasua, chora pembetatu kubwa ya penseli juu ya gogo, ipite vipande vyote vitatu. Bila alama hiyo utageuza shavu moja na nyuzi zitakwenda kinyume. Pasua, kisha sawazisha nyuso za ndani kwa randa yako ya chuma hadi vipande vikutane bila mwanga kupita. Usizipige msasa, msasa huviringisha kingo na gundi itaonekana.

Mlalo wa kisu uwe digrii 50. Randa nyingi za chuma zina 45, na kwa msonobari hiyo inatosha. Kwa mvule na mbambakofi, digrii tano za ziada zinafanya kisu kikwangue kidogo zaidi badala ya kuingia chini ya nyuzi na kuzinyanyua. Ukienda hadi 55 au 60 kunyofoka kunapungua zaidi, ila kusukuma kunakuwa kuzito na makali yanakufa mapema. Wewe una bamba la juu, lile linalofungwa juu ya kisu, nalo likisogezwa karibu na makali litamaliza kazi iliyobaki, kwa hiyo 50 inatosha.

Kwenye ubavu wa sehemu ya kati, pima milimita 90 kutoka mahali kichwa cha randa kitakapoishia, yaani 120 kutoka mwisho wa kipande. Hapo ndipo mdomo. Kutoka hapo chora mstari wa digrii 50 unaopanda kuelekea kisigino: ndio kilalio. Chora mwingine wa digrii 60 unaopanda kuelekea kichwa: ndio ukuta wa mbele wa koo. Kata yote miwili, ukiacha mstari wa penseli ukionekana. Kipande cha pembetatu kinachotoka katikati kihifadhi, utakihitaji kubania.

Kilalio ndicho chenye haki ya muda wako wote. Kisu cha Stanley ni chembamba, milimita 2 hivi, na chuma chembamba kikikosa egemeo karibu na makali kitatetemeka tu, hata ukinoe vipi. Randa yako ya kwanza nina hakika ina kinundu katikati ya kilalio: kisu kinakaa juu ya kinundu hicho na makali yananing'inia hewani. Sawazisha kwa randa ndogo au patasi pana, ukipima kwa guniya kwa upana na kwa rula kwa urefu. Kisha fanya hivi: washa kibatari, shikilia kisu juu ya moshi hadi upande utakaolala kwenye mbao uwe mweusi wa masizi, kilaze juu ya kilalio, kibonyeze kwa vidole viwili na ukisogeze milimita moja tu. Kinyanyue. Mahali palipoachwa weusi ndipo palipoinuka. Kwangua hapo kwa ukingo wa patasi, mara moja au mbili, si zaidi, na urudie. Unachotafuta ni alama nyeusi kwenye upana wote wa chini, karibu kabisa na mdomo, na nyingine juu. Katikati pakiwa na bonde jembamba kiasi cha unene wa karatasi hakuna ubaya, tena ni bora. Kinundu ndicho kisichosameheka.

Kisu cha Stanley kina jambo moja la kuangalia: kichwa cha skrubu inayoshika bamba hutokeza chini ya kisu, upande wa kilalio. Chimba mfereji katikati ya kilalio ili kichwa hicho kipite. Pima kichwa cha skrubu yako, ongeza milimita 2 kila upande na milimita 2 za kina. Mfereji uanzie juu na usishuke hadi mdomoni. Milimita 25 za mwisho zibaki nzima, maana ndizo zinazoshika makali. Kisu kina urefu unaozidi kimo cha randa na kitatokeza juu. Kiache. Hakisumbui, na ukikikata unaweza kukutana na tundu lake refu.

Ukuta wa mbele hauna kazi nyingi. Usawazishe, na kuanzia milimita 20 juu ya soli ulaze zaidi kuelekea mbele, ili vidole viingie kutoa maranda.

Tunafika mahali ambapo randa nyingi za mbao huharibika, na ni suala la hesabu. Kilalio kinaelekea nyuma na ukuta wa mbele unaelekea mbele, kwa hiyo koo linapanuka kadiri unavyopanda. Maana yake ni kwamba ukiondoa mbao kwenye soli, mdomo unafunguka wenyewe. Kwa digrii 50 na 60, kila milimita moja ya soli inayoondoka inafungua mdomo kwa milimita 1.4. Fundi anayeunganisha randa ikiwa na mdomo mzuri wa nusu milimita, kisha akasawazisha soli akaondoa nusu nyingine, anabaki na mdomo wa milimita 1.2, na kazi ya randa ya kumalizia imekwisha kabla haijaanza.

Kwa hiyo unganisha randa ikiwa imefungwa mdomo. Panga vipande bila gundi, shavu moja chini, sehemu mbili za kati juu yake. Laza kisu kwenye kilalio, bila bamba, ukisukume chini. Sogeza kipande cha mbele hadi kisu kikwame kikiwa bado milimita 1 kufika usawa wa soli. Kwa kisu cha milimita 2, nafasi utakayoiona chini kati ya vipande viwili ni kama milimita 1 na kidogo. Bana kwa klampu, weka shavu la pili, bana tena. Sasa toboa matundu manne ya milimita 6 kwenye zile ncha za ziada, mawili kila ncha, yakipita mashavu yote na sehemu ya kati, na uyatie vijiti. Vijiti hivyo vitazuia vipande visiteleze gundi ikiwa mbichi. Gundi ni utelezi. Bila vijiti, klampu ikikazwa kipande cha mbele kitasogea milimita mbili mbele ya macho yako. Ncha hizo utazikata baadaye na matundu yataondoka nazo.

Kabla ya gundi kuna pini ya kukingama, ile inayoshikilia kabari. Chora kwenye shavu, kwa kipimo halisi, mstari wa kilalio. Sambamba nao chora mstari wa uso wa juu wa kisu na bamba pamoja. Pima kwa kaliba sehemu bapa ya bamba, nyuma ya kile kibiongo chake cha mbele, kwa kawaida utapata kati ya milimita 4 na 5. Ongeza milimita 6 za kabari na uchore mstari wa tatu. Uso wa pini utagusa mstari huo. Katikati ya pini pawe milimita 38 juu ya soli. Nimeipandisha kidogo kuliko inavyozoeleka kwa sababu ya kibiongo: ncha ya kabari lazima iishie nyuma yake, kama milimita 20 kutoka kwenye makali, la sivyo kabari itakanyaga kibiongo na bamba litanyanyuka.

Pini itoke kwenye mti mgumu kuliko mwili. Kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachonga vinyago wa Malindi kinafaa sana. Moyo wa mkwaju nao unafaa. Iwe ya mraba wa milimita 14, na ncha zake mbili zichongwe mviringo wa milimita 10 ziingie kwenye mashavu. Urefu kati ya mabega upungue unywele tu kutoka 52. Mashavu yatoboe yakiwa yamebanwa pamoja, uso wa ndani kwa uso wa ndani, ili matundu yalingane. Usiitie pini gundi. Iache izunguke, kwani ndivyo inavyojilaza yenyewe sawasawa juu ya kabari. Pini iliyoganda ikiwa imepinda digrii moja itakaza kisu upande mmoja na kukiacha kingine. Uso unaogusa kabari uwe bapa, kingo nyingine zote zizungushe ili maranda yasinase.

Gundi ya mbao ya kawaida, ile nyeupe, inatosha ikiwa ni ya aina inayostahimili maji. Hewa ya Lamu wakati wa masika haina huruma na gundi ya bei rahisi. Paka nyembamba, na acha milimita 3 bila gundi kando ya kilalio ili isifurike ndani. Iliyofurika ifute kwa kijiti chenye ncha ikiwa bado mbichi. Tia pini kabla hujafunga shavu la pili. Hili husahaulika zaidi ya unavyodhani, na randa ikishafungwa pini ya mabega haiingii tena. Kila klampu iwe na kipande cha mbao chini yake, jumla sita, kwanza katikati kisha nje. Acha siku nzima.

Wakati gundi inakauka, chonga kabari. Urefu milimita 100, upana 48, mteremko digrii 9, ncha milimita 3.5. Nyuzi ziende kwa urefu. Ilinganishe kwa masizi kama ulivyofanya kilalio: igusane na pini kwa upana wote. Mteremko ukizidi, kwa mfano digrii 15, kabari itaruka kila ukigonga. Ukipungua chini ya 7 itanasa na utaibembeleza kuitoa.

Gundi ikikauka, kata ncha zote mbili, pitisha randa ya chuma kwenye soli mara chache tu kuondoa makosa makubwa. Kisha tia kisu, bamba na kabari, kaza kama unavyokaza kazini, huku makali yakiwa yamerudi ndani milimita 2. Ukisawazisha soli bila kabari ndani utapata soli iliyonyooka ikiwa imelegea na iliyopinda ikiwa inafanya kazi. Gandisha msasa namba 120 juu ya kioo kinene, chora mistari ya penseli soli nzima, na usukume randa mbele na nyuma kwa mkono mwepesi. Mistari ikifutika yote, hamia namba 220. Mahali pasipo na msamaha ni patatu: kichwani, kisigino, na ule ukanda mwembamba mbele ya mdomo. Ukanda huo ukiwa na bonde, hakuna kinachozikandamiza nyuzi kabla kisu hakijafika, na zitanyofoka hata mdomo ukiwa mwembamba kiasi gani.

Sasa ndipo ufungue mdomo. Shusha kisu; kitakwama kwenye ukingo wa mbele. Kwa tupa bapa jembamba, ondoa mbao kutoka ukingo wa mbele, tupa likielemea mbele ili nafasi ipanuke kuelekea juu. Kiasi kilichobaki ni kidogo, kwa hiyo nenda mipigo miwili mitatu, jaribu, rudia. Angalia nafasi iwe sambamba na makali. Lengo lako ni milimita 0.4, karatasi ya printa ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo karatasi nne zikunjwe pamoja zipite kwa shida. Wapo wanaotaka 0.2. Kwa kisu kisicho na bamba ni sawa, lakini wewe utasogeza bamba karibu sana na makali, na vyote viwili vikiwa vyembamba maranda hayana pa kupita: yatajikunja pale pale na kuziba. Kati ya hivyo viwili, mimi huchagua bamba liwe karibu na mdomo uwe na pumzi kidogo.

Bamba lenyewe liandae. Ukingo wake wa mbele unoe kwenye kinoo ukae juu ya kisu bila mwanga kupita, na uso wake wa mbele uwe mkali wa mteremko, digrii 50 mpaka 60, uliong'arishwa. Nafasi kutoka makali iwe milimita 0.2 kwa mvule unaonyofoka, 0.5 kwa mbao tulivu. Ukiona maranda yanatoka yamenyooka badala ya kujikunja, bamba linafanya kazi yake. Yakitoka yamekunjamana kama yaliyobanwa, limesogea mno. Angalia pia kama ncha ya skrubu inatokeza juu ya bamba. Ikitokeza, itainyanyua kabari. Ipunguze kwa tupa.

Noa kisu digrii 30. Upande bapa uwe kioo kwa milimita 10 za mwisho, kwani huo ndio unaokutana na bamba. Pembe mbili za makali zishushe kidogo kwa kubonyeza kila upande mara chache kwenye kinoo laini, zisiache mistari kwenye kazi. Ukiranda mvule tahadhari na yale mawe meupe yanayojificha ndani yake. Ukiona doa la rangi ya chokaa lichimbue kwa ncha ya patasi kwanza, maana litavunja makali kwa pigo moja.

Kuitega: laza randa juu ya ubao ulionyooka, tia kisu kiguse ubao, sukuma kabari kwa kidole gumba na uigonge kidogo tu. Gonga kichwa cha kisu kukishusha, gonga kisigino cha randa kukirudisha, gonga ubavu wa kisu kukinyoosha. Kila ukirudisha kisu, kabari inalegea, basi igonge tena. Nyundo iwe ndogo, ya gramu 150 hivi. Watu hukaza kabari kwa nguvu wakidhani usalama uko hapo, kumbe kabari iliyokazwa kupita kiasi inatunisha soli nyuma ya mdomo, na utashangaa randa iliyokuwa ikila vizuri imeacha kula.

Ikikataa, tazama maranda yanakotoka. Yakitoka upande mmoja tu, gonga ubavu wa kisu. Randa ikila mwanzoni mwa ubao na kuacha katikati, soli imetuna. Ikitetemeka na kuacha mawimbi, rudi kwenye masizi, kilalio hakijakaa. Kisu kikirudi nyuma chenyewe baada ya mipigo michache, kilalio au kabari imeingia mafuta. Ndiyo maana nakuomba usiichovye randa kwenye mafuta kama wafanyavyo wengine. Nje paka mafuta ya kitani kidogo ukitaka, ndani pabaki pakavu. Soli itoshe kuchorwa kwa mshumaa, mistari miwili mitatu, na utahisi tofauti mkononi papo hapo.

Kutu: hewa ya bahari haitakuacha, lakini sasa ni kisu na bamba tu vya kulinda. Vifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani jioni, uso unaolala kwenye kilalio ukaushe kabla ya kutega tena. Na usilaze randa usiku kucha kabari ikiwa imekazwa. Kusi likianza na masika kuingia, pitisha soli kwenye kioo na msasa namba 220 mara moja. Mbao yoyote, hata mbambakofi, hubadilika kidogo msimu ukigeuka. Kila ukifanya hivyo mdomo unafunguka kidogo. Baada ya miaka, ukifika milimita moja, chimba mbele ya mdomo kina cha milimita 6 na utie kiraka cha mpingo kilichobana, ufungue upya kwa tupa.

Springi ya gari usiitumie kwa randa hii. Chuma chake kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, ni kigumu kuvunjika, lakini hakishiki makali membamba ya kumalizia kama kisu chako cha Stanley. Ila nina kazi nayo, pamoja na ile randa yako ya kwanza. Mdomo wa milimita 4 ni kasoro kwa randa ya kumalizia, na ndio hasa unaotakiwa na randa ya kukwangua mbao ghafi. Mwambie mhunzi akate springi upana unaolingana na randa hiyo, na unene ambao koo linaruhusu, nafasi ya maranda ibaki mbele ya makali. Aipashe moto hadi sumaku iache kuishika, azidishe wekundu kidogo tu, aizamishe wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi mkono uvumilie kwa shida. Tupa likiteleza juu yake bila kuuma, imekaza. Aisugue ing'ae, kisha aipashe tena taratibu, kama digrii 200, hadi igeuke rangi ya majani makavu. Makali yanoe kwa duara, kama sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha milimita 200, bila bamba la juu. Sawazisha kilalio chake kwa masizi kwanza, kisha uitumie kukatiza nyuzi kwa mshazari kwenye mbao zinazotoka kwenye msumeno. Itatoa maranda ya unene wa milimita nzima, na mdomo huo huo utayapitisha.